Pole Kabla ya Kusikia: Uhakiki wa Adabu Inayoandikiwa Wahudumu wa Simu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya adabu wanayopewa wahudumu wa simu kwa ajili ya kuzungumza na wateja wenye hasira. Inaonyeshwa kwamba sehemu kubwa ya lugha hiyo imejengwa kwa kufuata mifano ya Kiingereza bila kuzingatia kwamba katika Kiswahili “pole”, “samahani” na “radhi” ni matendo matatu tofauti, na kila moja humdai msikilizaji jibu lake. Pole inayotolewa kabla ya malalamiko kusikilizwa humfunga mteja kinywa badala ya kumtuliza. Aidha, makala yanachunguza sarufi inayomficha mtenda, na namna Kiswahili hicho kinavyosikika Uganda, Rwanda na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako lugha hii inazidi kupewa nafasi rasmi.

Utangulizi

Kabla ya fedha kuingia katika simu, mteja aliyepiga kulalamika alikuwa akidai, aghalabu, vocha iliyokatika au laini isiyoshika. Huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kisha zikaenea katika nchi jirani, uzito wa simu hizo ulibadilika. Anayepiga leo huenda ametuma karo ya mtoto kwa namba isiyo yake, au fedha ya dawa imetoka upande wake na haijafika hospitalini. Hasira ya mtu huyo haina budi kueleweka kwa kuanzia hapo: ni hasira ya mtu ambaye mali yake imemtoka mkononi, na njia pekee aliyobaki nayo ya kuifuata ni sauti ya mtu asiyemwona.

Mtu huyo asiyeonekana naye ana karatasi mbele yake, au maandishi kwenye kompyuta. Ni mwongozo wa mazungumzo: namna ya kusalimu, maneno ya kuomba msamaha, maneno ya kumtaka mteja asubiri, maneno ya kuagana. Cameron (2000) alikwisha kuonyesha, kwa mfano wa Uingereza, jinsi vituo vya simu vinavyoigeuza namna ya kuzungumza kuwa sehemu ya bidhaa, kiasi kwamba mfanyakazi hamiliki tena sauti yake. Hochschild (1983) alikuwa ameeleza mapema zaidi gharama anayolipa mfanyakazi ambaye kazi yake ni kuzitawala hisia zake mwenyewe kwa faida ya mwajiri. Tafiti hizo zinafaa, lakini haziwezi kumweleza mhakiki wa Kiswahili kile ambacho ni cha Kiswahili peke yake, na hapo ndipo mhakiki anapaswa kufanya kazi yake.

Matini inayohakikiwa hapa si mali ya kampuni moja. Ni vifungu vya maneno ambavyo kila anayepiga simu za huduma katika eneo hili amevisikia: “ndugu mteja”, “pole kwa usumbufu uliojitokeza”, “samahani kwa usumbufu”, “tafadhali subiri kidogo”, “je, kuna jambo lingine ningependa kukusaidia?”. (Hicho cha mwisho kinastahili kusikilizwa mara mbili, maana anayependa ndani yake ni mhudumu, ilhali mwenye haja ni mteja.) Mazungumzo yaliyonukuliwa hapa chini yameundwa kwa ajili ya uchambuzi, na hayamhusu mtu yeyote halisi.

Pole na jibu lake

“Pole” huambiwa mgonjwa, mfiwa, aliyejikwaa, aliyetoka safari, aliyerudi kazini amechoka. Asemaye pole hajakiri kosa lolote, ila amejisogeza upande wa aliyepatwa. Ndiyo maana mtu humpa pole hata asiyemjua ambaye mayai yake yamemwanguka njiani. “Samahani” ni kitu kingine. Hata pale inapotumika kumkatiza mtu maneno au kupita mbele yake, ndani yake mna kukiri, japo kwa uchache, kwamba msemaji amemgusa mwenziwe isivyostahili. “Radhi” ni nzito kuliko zote mbili. Mzazi huwa na radhi, nayo huweza kutolewa au kuzuiliwa, na anayeiomba hukaa akingoja kupewa.

Kila moja kati ya hizi ina jibu lake. Aliyepewa pole husema “asante”, au “nimeshapoa”. Aliyeombwa samahani husema “bila samahani” au “usijali”. Aliyeombwa radhi, akiwa tayari kusamehe, husema “nimekuwia radhi”. Schegloff na Sacks (1973) walieleza kwamba mazungumzo hujengwa kwa jozi za namna hii, ambapo nusu ya kwanza huidai nusu ya pili, na nusu ya pili isipotolewa pengo lake husikika. Yahya-Othman (1994), akiandika kuhusu adabu miongoni mwa Waswahili, alionyesha kwamba adabu si pambo la mtu binafsi: ni kinga ambayo pande zote mbili hulazimika kuishika mbele ya jamii. Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja, hali ya mteja mwenye hasira inaanza kueleweka. Tuchukue mazungumzo haya:

Mteja: Haloo! Hela yangu iko wapi? Tangu jana jioni nazungushwa tu, mara huyu, mara yule...
Mhudumu: Pole sana ndugu mteja kwa usumbufu uliojitokeza.
Mteja: Pole ya nini? Hata sijakwambia kilichotokea!
Mhudumu: Samahani ndugu mteja, tafadhali tulia ili niweze kukuhudumia.
Mteja: Nitulie? We unaniambia mimi nitulie?

Kwa kipimo cha mwongozo, mhudumu hana kosa. Ametoa pole, ameomba samahani, ametumia “tafadhali”, wala hajapandisha sauti. Mteja ndiye aliyeikataa pole, akamwita mwenziwe “we”, akamjibu kwa ukali. Katika kumbukumbu za kituo huenda akaandikwa kuwa ni mkorofi. Lakini uzito wa pole hiyo umepuuzwa. Ilifika kabla ya malalamiko, na kwa hiyo ilimdai mteja aseme “asante” kabla hajasema shida yake. Angesema asante, angekuwa amekubali kwamba amekwisha kuhurumiwa, na mtu aliyekwisha kuhurumiwa na akashukuru hana tena njia nyepesi ya kurudi kwenye madai. Jibu lake, “pole ya nini?”, lina mantiki kamili: anakataa kufungiwa mlango kwa komeo la adabu. Si kwamba hajui adabu, bali anaijua mno, na ndiyo maana ameona mahali adabu hiyo inapompeleka.

Asili ya kosa hili si vigumu kuiona. Neno moja la Kiingereza hubeba huruma na kukiri kosa kwa pamoja, na mzungumzaji wa lugha hiyo huweza kujificha katika utata huo, akisikika kama anayeomba msamaha ilhali anasikitika tu. Mtunzi wa mwongozo wa Kiswahili hana maficho hayo. Ni lazima achague. Akichagua “pole”, amejitenga na kosa. Akichagua “samahani”, amekiri kitu, na mteja ana haki ya kuuliza ni kitu gani. Miongozo mingi hutatua tatizo hili kwa kuyatumia maneno yote mawili kana kwamba ni visawe, moja likichoka linafuata jingine, hadi yote mawili yanapoteza nguvu. Hatari ya kimya zaidi ni ya radhi. Matangazo ya “tunaomba radhi kwa usumbufu” yamejaa kila mahali, na hakuna hata moja lililomwachia msomaji nafasi ya kutoa au kunyima hiyo radhi iliyoombwa. Neno ambalo nyumbani bado humtetemesha mtoto linageuka kuwa bango la mabomba yaliyokatika.

Kikombe kimevunjika

Kifungu cha “usumbufu uliojitokeza” kinastahili kusomwa kwa sarufi. Kitenzi “tokeza” kimepewa kirejeshi “ji”, na kiima chake ni usumbufu wenyewe. Usumbufu umejitoa mahali pasipojulikana, ukaja kumkuta mteja na kampuni kwa pamoja, kama mvua. Hali ni hiyohiyo katika “muamala wako umeshindikana”, “fedha zimezuilika”, “ombi lako halijakamilika”. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa kauli za namna hii, na kauli ya kutendeka hasa humwezesha msemaji kueleza tukio bila ya mtenda hata wa kudokezwa.

Haiwezi kusemwa kwamba kauli hiyo ni mbaya. Mwenyeji ambaye mgeni wake ameangusha kikombe atasema, “Ah, kimevunjika tu, acha,” na hiyo ni adabu ya juu kabisa: aliyetendewa anamwondolea mtenda aibu. Lakini sentensi hiyohiyo ikisemwa na aliyekivunja, inakuwa ya mtoto anayejitetea mbele ya mama yake. Kinachoipa adabu ni nani anayeisema, maneno yenyewe hayatoshi. Mwongozo unaomfundisha mhudumu kusema “imeshindikana” pale ambapo kampuni ndiyo iliyoshindwa umechukua adabu ya mwenyeji ukaiweka kinywani mwa aliyevunja kikombe. Mteja huisikia tofauti hiyo hata kama hawezi kuieleza kwa istilahi. “Tumechelewa kukurudishia fedha yako” ni sentensi fupi, ina mtenda, ina mtendwa, na mara nyingi huishusha hasira kuliko samahani tatu zilizofuatana.

Neno “mteja” lenyewe lina kisa chake. Nchini Kenya, sauti iliyorekodiwa inayosema kwamba mteja wa nambari fulani hapatikani kwa sasa imesikika kwa miaka mingi kiasi kwamba vijana wamelichukua neno hilo na kulipa maana ya kutopatikana. Fulani “yuko mteja”, yaani simu yake haishiki. Lugha ya mtaani imetoa hukumu yake hapo, na ni hukumu kali. “Ndugu” inayotangulizwa haiokoi jambo, kwa kuwa ndugu hatajwi kwa cheo cha ununuzi. Mhudumu mzoefu huipima sauti anayoisikia, akachagua “mama”, “mzee”, “dada”, “kaka”, au huuliza jina akalitumia. Anaweza kukosea, na kumwita mama msichana wa miaka 20 kuna hatari yake, lakini ni kosa la mtu anayejaribu kumwona anayezungumza naye. Habwe (2010) amekwisha kuonyesha jinsi maneno ya heshima katika Kiswahili yanavyofanya kazi ya adabu ambayo lugha nyingine huifanya kwa njia tofauti. Mwongozo unaoyapiga marufuku kwa jina la usawa unamnyang'anya mhudumu chombo chake cha kwanza.

Kimya cha simu

Wahudumu hufundishwa kutomkatiza mteja. Ni fundisho zuri lililoeleweka vibaya. Msikilizaji wa Kiswahili hanyamazi. Husema “ehe”, “naam”, “ndiyo”, “enhe, halafu?”, na mara nyingine hurudia neno la mwisho la msemaji. Ana kwa ana, uso na kichwa husaidia, lakini katika simu sauti ndogo hizo ndizo uso wa pekee alio nao msikilizaji. Zikikosekana, mteja aliye katikati ya maelezo hukatika ghafla: “Haloo? Unanisikia?” Huanza upya, safari hii kwa sauti ya juu zaidi. Kisha huja “ninaelewa hisia zako”, kifungu ambacho hakijapata kusikika kati ya Waswahili wawili wanaoheshimiana mpaka kilipoletwa na tafsiri. Aliyesikiliza hutaja alichokisikia: “Kwa hiyo hela ilitoka jana saa kumi na moja, na mpaka sasa haijamfikia.” Hapo ndipo pole inapopata mahali pake, nayo hupokewa kwa asante isiyolazimishwa.

Salamu nazo huleta mtego. “Habari za asubuhi?” humtaka mtu aseme “nzuri”, hata aliyeibiwa. Desturi imekwisha kutoa njia ya kutokea: “Nzuri, ila...” Katika hiyo “ila” ndimo shida inamoingia. Mhudumu anayeijua lugha yake huisikia na kuifungulia mlango: “Ehe, kuna nini?” Anayefuata maandishi huipita, akaenda moja kwa moja kwenye kuthibitisha majina matatu na namba ya kitambulisho. Maswali hayo ni ya lazima kwa usalama wa fedha, lakini yakiulizwa bila sababu yake kutajwa, aliyeibiwa hujiona amegeuzwa mtuhumiwa. Maneno machache tu yangetosha: “Nakuuliza haya ili asije mtu mwingine akadai hela yako.”

Kiswahili hichohicho ng'ambo ya mpaka

Jambo hili lisingekuwa na uzito wa kisera kama lingehusu Dar es Salaam na Mombasa peke yake. Katiba ya Uganda, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Rwanda ilikipa hadhi ya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua kuwa moja ya lugha nne za taifa, na nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa raia wengi wa nchi hizo, Kiswahili rasmi hakitawafikia kupitia hotuba wala kamusi. Kitawafikia kupitia sauti inayosema “bonyeza mbili”.

Uganda ina historia inayopasa kukumbukwa. Kwa vizazi kadhaa Kiswahili kimekuwa huko lugha ya jeshi na polisi, na wengi waliisikia kwa mara ya kwanza kama amri. Kwa msikilizaji wa aina hiyo, “tafadhali tulia” ni amri iliyovishwa kilemba. Hata hivyo, lugha za pale zina mgawanyo uleule ambao mwongozo unaufuta: mzungumzaji wa Luganda husema “nsonyiwa” anapoomba kusamehewa, na husema jingine kabisa anapompa mtu pole ya msiba. Humwita anayezungumza naye “ssebo” au “nnyabo” pasipo kujali kama amenunua kitu. Angeweza kuyaleta haya yote katika Kiswahili chake bila kuvunja sarufi, iwapo mwongozo ungemruhusu.

Katika Kinyarwanda tofauti ni bayana zaidi. “Mwihangane” huambiwa aliyepatwa na “mumbabarire” husema aliyekosa, na zote mbili zimebeba nafsi ya wingi ya heshima. Kitenzi cha ile ya kwanza ni cha kuvumilia. Mhudumu wa Kigali anayehama kati ya lugha mbili anajua fika kwamba kumwambia mtu avumilie wakati fedha yake inashikiliwa na aliyemwambia si adabu. Kiswahili cha maandishi ndicho kinachomsahaulisha.

Bukavu na Goma tatizo ni la namna nyingine. Kule Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani, wala si ya kujifunza. Mama wa sokoni anasema ametuma franga, naye anajibiwa kuhusu “muamala”. Anaitwa “ndugu mteja” mahali ambapo kila mtu humwita mama. Hakosi kuelewa. Anachokisikia ni kwamba anajibiwa na mtu wa mbali, kwa Kiswahili cha watu wengine, na hasira yake inapata sababu ya pili. Wanaoshikilia usanifu watasema kwamba istilahi moja inahitajika katika soko moja. Hoja hiyo ina nguvu katika mkataba na katika risiti. Haina nguvu katika dakika ya kwanza ya simu ya mtu aliyeghadhibika, ambapo kazi ya lugha ni kumsogelea.

Anayeruhusiwa kutenda

Uhakiki wa maneno peke yake ungeishia kuwa hila nyingine ya kumtuliza mteja. Mara nyingi mhudumu anayepokea simu hana mamlaka ya kurudisha hata shilingi moja. Fedha iliyokwenda kwa namba isiyo yake huenda imekwisha kutolewa na aliyeipokea, au hairudi mpaka mtu huyo aridhie. Anachoweza mhudumu ni kuandika na kupeleka mbele. Wakati huohuo muda wa simu yake unahesabiwa, na simu ndefu inahesabiwa kuwa ni udhaifu. Katika hali hiyo, “pole kwa usumbufu uliojitokeza” si ukosefu wa adabu wa mhudumu. Ni sentensi iliyobuniwa kwa ajili ya mtu asiye na la kufanya, ili asikike kana kwamba amefanya. Yeye ndiye anayetukanwa kwa niaba ya waliomnyima uwezo huo, na tabasamu la sauti yake ndilo linalokaguliwa. Semi za ukutani kama “mteja ni mfalme” hazimsaidii. Mfalme, kwa kawaida ya hadithi zetu, ndiye ambaye hakuna anayethubutu kumwambia ukweli.

Kwa washauri wa sera, maana yake ni kwamba mwongozo wa lugha usipitishwe peke yake. Mamlaka ya mawasiliano inayodai kampuni ziwe na huduma kwa Kiswahili ingedai pia kwamba matini zake zitungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, pamoja na wahudumu wenyewe, na zipitiwe na vyombo vya lugha. BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zimekuwa zikishughulikia istilahi zaidi ya mazungumzo, na hapa panahitajika mazungumzo. Mhudumu aruhusiwe kutaja mtenda, kutaja saa ambayo mteja atapigiwa, na kutoa jina lake na namba ya lalamiko bila kuombwa.

Kwa watafiti liko jambo gumu zaidi. Karibu kila simu ya aina hii hufunguliwa kwa tangazo kwamba mazungumzo yanarekodiwa ili kuboresha huduma. Ndani ya rekodi hizo mna Kiswahili cha watu wenye hasira, wenye hofu na wenye subira, kutoka Kisangani hadi Kismayu, na hakuna hifadhi ya matini inayokaribia kuwa nacho. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya na Uganda za mwaka 2019, ya Rwanda ya 2021 na ya Tanzania ya 2022 zinaweka masharti juu ya matumizi yake, na ni haki kuwa hivyo. Lakini rekodi zilizoondolewa majina, namba na sauti zinazotambulika, zikanakiliwa kwa maandishi, zinaweza kuombwa kwa mujibu wa masharti hayo. Mpaka ombi hilo litakapowasilishwa kwa mamlaka husika, ikiwezekana na vyuo kadhaa vya nchi mbalimbali kwa pamoja, wanaojua namna Waswahili wanavyokasirika na kupatana kwa simu wataendelea kuwa wakaguzi wa ubora wa kampuni, ambao kazi yao ni kuhesabu kama neno “pole” limetamkwa.